Fleti ya Katikati ya Jiji au ya Pembeni Karibu na Shule? Ulinganisho kwa Familia Inayohamia Nchi ya Kigeni

Mwishoni hubaki nyumba mbili. Umeshaonyeshwa nane au kumi, watoto wamechoka kuishi hotelini, na dalali anataka jibu kesho asubuhi. Ya kwanza ni fleti ya ghorofa ya 18 katikati ya jiji: jengo jipya, samani zote zimo, ofisi ni dakika kumi kwa miguu. Ya pili iko pembeni, kwenye mtaa wa majengo ya zamani ya ghorofa nne. Haina hata kiti, kodi yake ni ndogo kwa robo, na shule iko barabara mbili mbele. Familia nyingi zinazohamia jiji kubwa la nchi ya kigeni hukutana na jozi inayofanana na hii.

Sisi mara ya kwanza tulichukua ya katikati. Aliyehamishwa kikazi alikuwa mume wangu, tukaona ni haki nyumba imfuate yeye. Kumbe yeye aliitumia akiwa macho saa tatu au nne tu kwa siku. Mimi na watoto wawili ndio tulioishi humo hasa. Baada ya miezi 14 tukahama, tukalipa dalali na wapakiaji kwa mara ya pili. Tangu hapo naamini nyumba ichaguliwe kwa kumtazama yule atakayekaa humo saa nyingi zaidi, hata kama mshahara unaoilipia ni wa mwingine. Kwa kipimo hicho nazilinganisha hizi mbili, na si mara zote ya pembeni itashinda.

Hesabu ya safari iende mbele ya hesabu ya fedha

Wengi hupima umbali wa ofisi na kuishia hapo. Lakini mfanyakazi huenda mara moja na kurudi mara moja. Mzazi mwenye mtoto mdogo hutembea njia ya shule mara nne: asubuhi anampeleka, anarudi peke yake, mchana anamfuata, wanarudi pamoja. Ukiacha hizo nne nje ya hesabu, ya katikati itaonekana karibu na kila kitu.

Tuseme kutoka fleti ya katikati ofisi ni dakika 10 na shule dakika 35. Kutoka ya pembeni ofisi ni dakika 45 na shule dakika 8. Kwa wiki ya siku tano, familia yenye mtoto mmoja itatumia dakika hizi njiani:

| Anayesafiri | Ya katikati | Ya pembeni |
|---|---|---|
| Mfanyakazi, ofisini na kurudi | 100 | 450 |
| Mtoto, shuleni na kurudi | 350 | 80 |
| Mzazi anayempeleka na kumfuata | 700 | 160 |
| Jumla ya wiki | 1,150 | 690 |

Tofauti ni dakika 460, yaani saa saba na dakika 40 kila wiki. Wakiwa watoto wawili katika shule moja, pengo linazidi kupanuka: 1,500 kwa 770. Weka dakika zako mwenyewe, lakini zipime kwa kusafiri kweli saa ile ya asubuhi ambayo mji mzima uko barabarani. Ramani ya simu ukiifungua saa nne usiku itakupa jibu la saa nne usiku.

Kitu kimoja kinaipindua hesabu hii, nacho ni basi la shule. Likisimama mlangoni pa jengo la katikati, zile dakika 700 za mzazi zinafutika. Hata likizunguka mji na safari ya mtoto ikafika dakika 50, jumla ya familia inakuwa 600, chini ya ile ya pembeni. Ila tazama zinatoka kwa nani: dakika 500 kati ya hizo 600 ni za mtoto. Kijana wa miaka 13 atazimaliza akisikiliza muziki. Mtoto wa miaka mitano ataamshwa gizani na kurudi amelala kitini. Kama basi ndilo linalokufanya uchague ya katikati, iulize shule yenyewe, kwa maandishi, kama linafika mtaa huo kwa mwaka huu wa masomo. Neno la dalali hapa halina uzito. Njia za basi hupangwa upya kila watoto wanapobadilika.

Kwa shule za umma anwani ina nguvu kuliko unavyodhani. Uingereza, shule nyingi zikizidiwa na maombi hutazama umbali kati ya nyumba na lango. Marekani, mipaka ya maeneo ya shule huchorwa kwenye ramani, na pande mbili za barabara moja zinaweza kuwa na shule tofauti. Fundo ni kwamba shule inataka anwani, nawe hutaki kusaini kabla ya kujua shule. Sisi mara ya pili tulilifungua kwa kuandika barua pepe kabla ya kusaini, tukitaja anwani ya nyumba tuliyoifikiria na kuuliza mambo mawili: je, iko ndani ya eneo lenu, na je, darasa la mtoto wetu lina nafasi sasa hivi? Swali la pili ndilo watu husahau. Unaweza kuwa ndani ya eneo na bado ukapelekwa shule nyingine kwa sababu darasa limejaa.

Yenye samani au tupu

Kwanza ulizia maana ya "tupu" katika nchi uliyofika, kwa sababu neno hili limetutia hasara wengi. Ujerumani fleti tupu mara nyingi haina hata jiko: unakuta ukuta wenye mabomba na soketi, na kabati, sinki na jiko unanunua wewe. Uholanzi kuna nyumba zinazopangishwa bila zulia au mbao za sakafuni, mapazia wala taa, na mpangaji anayehama huondoka na sakafu yake. Hapo kodi ndogo unayoiona kwenye tangazo si kodi utakayoishi nayo.

"Yenye samani" nayo ina tafsiri zake. Ufaransa tangu mwaka 2015 kuna orodha ya kisheria ya vitu ambavyo lazima viwemo: kitanda chenye vya kujifunikia, mapazia au kizuia mwanga kingine cha chumba cha kulala, friji, jiko, vyombo, meza, viti na kadhalika. Mahali pengi hakuna orodha ya namna hiyo, kwa hiyo omba iandikwe na iambatanishwe na mkataba. Kitanda kimoja cha watu wawili na kochi la kukunjua kinaweza kuitwa samani kamili na mtu asiye na watoto.

Sasa fedha. Kwa kuwa kila jiji lina sarafu na bei zake, tumia vipimo: kodi ya mwezi ya ile yenye samani iite 100, na ya tupu 75. Kuijaza ile tupu vitu vya lazima tuseme kutagharimu 450, na siku ya kuondoka utauza vitu hivyo upate 150. Hasara halisi ya samani ni 300, na kila mwezi unaokoa 25. Ukigawa, unapata miezi 12. Ukikaa chini ya hapo, yenye samani ni nafuu. Ukizidisha, tupu inaanza kukulipa. Kwa miaka miwili ni 2,400 dhidi ya 2,100.

Usiishie hapo. Uliza bili zinalipwa na nani. Kama maji, joto na intaneti vimo ndani ya ile 100, na kwenye nyumba tupu unavilipia mwenyewe, tuseme 10 kwa mwezi, akiba yako imeshuka hadi 15 na ile miezi 12 imekuwa 20. Bei za matangazo zinabaki zilezile, na uamuzi wako umesogezwa miezi minane. Ujerumani wana majina ya tofauti hii, kodi baridi na kodi joto: ya kwanza ni ya nyumba peke yake, ya pili ina gharama za jengo na za kupasha nyumba joto, na kwa kawaida umeme bado uko nje. Popote ulipo, mwombe mwenye nyumba bili za miezi 12 iliyopita, ikiwamo ya mwezi wa baridi kali au wa joto kali zaidi.

Kuna jambo la samani ambalo halimo kwenye hesabu, nalo ni amani ya moyo. Mwaka ule wa kwanza niliishi nikilinda kochi jeupe la mtu mwingine. Kila kikombe kilipoinuliwa nilisimama. Watoto wadogo hupaka, huruka, humwaga. Wakifanya hivyo juu ya vitu vyako utafuta, wakifanya juu ya vitu vya mwenye nyumba utafuta na kulipa. Mwenye watoto chini ya miaka sita anayetaka yenye samani aombe vile vya thamani viondolewe kabla ya kuingia. Wenye nyumba wengi hukubali, kwa kuwa nao hawataki viharibike.

Fedha za mlangoni, na jina lililo kwenye mkataba

Amana ni fedha anazoshika mwenye nyumba hadi uhame. Kiasi chake hutofautiana sana. Ujerumani sheria inaiwekea kikomo cha kodi baridi ya miezi mitatu. Uingereza, kwa nyumba nyingi, kikomo ni kodi ya wiki tano, na lazima iwekwe kwenye mfuko unaotambuliwa na serikali ndani ya siku 30. Ufaransa ni mwezi mmoja kwa nyumba tupu na miwili kwa yenye samani, kwa hiyo hapo hiyo ya katikati inakula fedha nyingi zaidi siku ya kwanza. Japani bado kuna nyumba ambazo, pamoja na amana, mpangaji humpa mwenye nyumba fedha za shukrani zisizorudi. Kabla ya kumwamini anayekuomba miezi sita mkononi, tafuta kikomo cha sheria ya mahali ulipo.

Kikwazo kingine cha mgeni ni kwamba hajulikani. Huna historia ya kulipa kodi katika nchi hiyo, wala mdhamini. New York wenye nyumba wengi hutaka kipato cha mwaka kisichopungua mara 40 ya kodi ya mwezi, na mgeni aliyefika juzi hana karatasi za kuonyesha. Majengo mapya ya katikati, yanayoendeshwa na kampuni, yamezoea wageni: barua ya ajira inatosha, mkataba uko katika lugha zaidi ya moja, funguo unazipata ndani ya siku chache. Nyumba ya pembeni mara nyingi ni ya mtu binafsi, na yeye ataogopa. Hapa ya katikati inashinda waziwazi. Ila mtu binafsi naye anaweza kushawishika. Barua ya mwajiri, barua ya mwenye nyumba wako wa zamani iliyotafsiriwa, na kufika na watoto wenyewe siku ya kuangalia nyumba, vilitusaidia kuliko dau kubwa.

Hapa nataka usome polepole: mkataba uwe kwa jina la nani? Mwajiri akipanga kwa jina lake, wewe huhitaji amana wala mdhamini, na bili ya matengenezo haikufikii. Raha hiyo ina mlango wa nyuma. Kazi ikiisha, nyumba nayo inaisha, pengine ndani ya wiki chache, watoto wakiwa katikati ya muhula. Ukipanga kwa jina lako, nyumba inabaki yako hata kazi ikiyumba, lakini ukihamishwa ghafla unadaiwa kodi ya miezi iliyobaki. Tiba ya hili la pili ni kifungu cha kuvunja mkataba. Singapore kimezoeleka kiasi cha kuwa na jina lake, kifungu cha kidiplomasia: mara nyingi, baada ya miezi 12 ya mwanzo, mpangaji wa kigeni anayepoteza kazi au kuhamishwa nje ya nchi anaweza kutoa notisi ya miezi miwili na kuondoka. Kwingine huombwa, na asiyeomba hapewi. Omba kitaje sababu zote tatu: kuhamishwa, kuachishwa kazi, na kunyimwa kibali cha ukaazi. Ile ya tatu ndiyo mikataba mingi huiacha.

Urefu wa mkataba nao unapendelea upande. Ufaransa nyumba tupu hupangishwa na mtu binafsi kwa miaka mitatu na yenye samani kwa mwaka mmoja, lakini miaka mitatu hiyo inamfunga zaidi mwenye nyumba. Mpangaji huondoka wakati wowote kwa notisi ya miezi mitatu, au mmoja katika miji yenye uhaba wa nyumba kama Paris. Kwa familia hiyo ni kinga: hutatolewa mtoto akiwa darasa la mtihani. Kwa hiyo usiukimbie mkataba mrefu kwa sababu ya tarakimu. Tafuta kwanza unamfunga nani.

Jengo jipya refu na jengo la zamani fupi

Jengo jipya lina madirisha yanayoziba, mabomba yasiyovuja, lifti, na mtu wa kupokea mizigo mlangoni. Jengo la zamani lina kuta nene, vyumba vya ukubwa wa heshima, na mara nyingi unyevu. Tazama pembe za dari za vyumba vya kulala, nyuma ya kabati na chini ya madirisha. Rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu ni swali, iulizie. Marekani, nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 inaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi, yaani sumu, na sheria inamtaka mwenye nyumba akueleze anachokijua kabla ya kusaini. Kwa mtoto anayetambaa na kulamba kila kitu hilo lina uzito. Japani, ulizia kama jengo lilijengwa kwa kanuni za tetemeko za kuanzia Juni 1981.

Juu ya joto na baridi, nchi nyingi za Ulaya huipa nyumba daraja la matumizi ya nishati, kwa kawaida kuanzia A, iliyo bora, hadi G. Tangu Januari 2025 nyumba ya daraja G Ufaransa haiwezi kupangishwa kwa mkataba mpya. Nyumba ya zamani yenye kodi ndogo na daraja la F inaweza kukurudishia kwenye bili kila ulichookoa. Kwa upande wa pili, mnara wa vioo unaotazama jua la jioni ni tanuru, na kiyoyozi kitaunguruma hadi usiku wa manane.

Ghorofa ya 18 inahitaji mawazo ya pekee kwa mwenye watoto. Lifti ni ngapi? Ikiharibika moja, mzazi mwenye kigari cha mtoto, begi na mtoto wa pili anayelia atafanya nini? Ngazi za dharura ni ngapi, na je, milango yake inafunguka? Jengo la Grenfell la London lilipoungua Juni 2017 watu 72 walikufa, na lilikuwa na ngazi moja tu. Sisemi mnara ni hatari. Sheria za majengo ya sasa ni kali. Nasema shuka zile ngazi kwa miguu siku ya kuangalia nyumba, mkiwa na watoto. Halafu gusa kila dirisha. New York sheria inamtaka mwenye jengo lenye fleti tatu au zaidi aweke vyuma vya kuzuia watoto wasianguke, pale anapoishi mtoto wa miaka 10 au chini. Mahali pasipo na sheria hiyo, ombi lako liandikwe kwenye mkataba kabla ya kupokea funguo.

Kelele hupimwa usiku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Ulaya wa mwaka 2018, lilipendekeza kelele za barabarani usiku zisizidi wastani wa desibeli 45 nje ya nyumba. Simu yako yenye programu ya kupima haitakupa namba ya kitaalamu, lakini ukipima dirisha la ya katikati na la ya pembeni usiku mmoja, kwa simu ileile, utaona ipi imeishinda nyingine.

Siku ya anayebaki

Nimeliweka hili mwishoni ingawa lingestahili kuwa la kwanza, kwa sababu halina namba. Mwenye kazi akifika jiji geni hupewa watu: wenzake, bosi, mtu wa kumwonyesha mahali pa kula. Mtoto naye hupewa darasa. Mzazi anayebaki hapewi mtu. Mara nyingi ameacha kazi yake, viza yake haimruhusu kufanya kazi, na lugha ya mtaani haijui. Nyumba ndiyo itakayompa watu au itakayomnyima.

Kwenye jengo letu la katikati tulisalimiana na mlinzi, basi. Majirani walikuwa wafanyakazi wasio na watoto, wanaoondoka asubuhi na kurudi usiku. Bwawa la kuogelea lilikuwa zuri na tupu. Chini kulikuwa na benki na ofisi, na siku za mapumziko mtaa wote ulikufa. Nilikuwa nakaa dirishani ghorofa ya 18 nikiona mji mzima, na sikumfahamu mtu hata mmoja ndani yake. Mume wangu alikuwa anarudi akiwa na hadithi za watu. Mimi nilikuwa na hadithi za mashine ya kufulia.

Ya pembeni ilikuwa na lango la shule, na lango la shule ni mahali pa kusimama. Siku kumi za kwanza unatabasamu. Ya kumi na moja mtu anakuuliza jina la mtoto wako. Mwezi wa pili unaombwa umchukue mtoto wa jirani kwa sababu mama yake amechelewa, na tangu siku hiyo una mtu wa kumpigia simu usiku mtoto wako akipata homa. Huduma hiyo hakuna mwenye nyumba anayeiweka kwenye tangazo.

Lakini nisiipambe. Kuna mitaa ya pembeni isiyo na njia za miguu, ambako bila gari hufiki popote na mzazi anayebaki amefungiwa mara mbili. Kuna pia mitaa ambako mgeni hutazamwa kama mgeni kwa miaka. Na kama anayebaki ana kazi ya mtandaoni, au anataka kusoma, basi maktaba, vyuo na darasa la lugha vya katikati vinaweza kumfaa kuliko lango la shule. Kwa hiyo mtume yeye mwenyewe mtaani siku ya kazi, saa nne asubuhi, peke yake, akae pale saa mbili. Kuna benchi? Kuna watu wanaotembea? Kuna uwanja wa watoto wenye watoto kweli, au bembea zenye kutu? Akirudi, neno lake liwe na uzito kuliko ripoti ya dalali.

Nani achukue ipi

Kama mkataba wa kazi ni wa mwaka mmoja au chini, chukua yenye samani, hata kama si hii ya katikati. Hesabu ya samani haikupi nafasi ya kujadili. Kama wazazi wote wawili wanafanya kazi mjini na mtoto hajaanza shule, ya katikati inafaa, mradi kituo cha kulelea watoto kiko njiani kuelekea kazini. Kama watoto ni vijana wanaojua kupanda treni wenyewe, ya katikati inawapa uhuru ambao pembeni wangekuomba uwapeleke kwa gari kila Jumamosi.

Kama mnakaa miaka miwili au zaidi, mna mtoto wa shule ya awali au ya msingi, na mzazi mmoja anabaki nyumbani, chukua ya pembeni, na mwenye kazi azikubali dakika zake 45. Najua ni jambo gumu kumwomba mtu anayechoka. Mume wangu alinuna wiki tatu. Akaanza kusoma kwenye treni.

Kama bado hamjui, kuna njia ya tatu ambayo mwajiri mwenye busara huilipia: fleti ya muda, yenye samani, kwa wiki nne hadi sita, karibu na shule mnayoitaka. Kodi yake ya siku ni kubwa, lakini ni nafuu kuliko kuhama mara mbili. Inawalinda pia dhidi ya matapeli wanaowawinda watu walio bado nje ya nchi kwa picha nzuri, kodi ya chini na "mwenye nyumba aliyesafiri". Msitume fedha kwa nyumba ambayo hakuna mtu wenu aliyeingia ndani yake na kufungua bomba.

Mkipata funguo, siku hiyohiyo kabla ya sanduku la kwanza kuingia, piga picha kila ukuta, kila mkwaruzo wa sakafu, ndani ya jiko, na namba za mita za umeme, maji na gesi. Zitume kwa mwenye nyumba kwa barua pepe ili tarehe ibaki. Na kama mpaka sasa zile mbili bado zimelingana mbele yako, chagua siku mbili za shule, uwe mlangoni pa kila moja kwa siku yake saa moja na nusu asubuhi, umemshika mtoto mkono na begi lake likiwa mgongoni, mwende hadi lango la shule. Muulize yeye akiwa amefika.